Asilimia Themanini ya Msitu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Siku imeanza vizuri, ikaharibika saa mbili na nusu asubuhi.

Nesi kapita dukani. Amestaafu miaka mingi lakini bado tunamwita Nesi, na ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha kutembea msituni. Goti lake la kushoto limegoma. Jumamosi hii, njia mpya ya chemchemi, atatembea katikati ya mstari kama abiria. Mtu mwingine ataongoza. Tukirudi wote salama, atamvisha mtu huyo filimbi yake ya chuma, na huyo ndiye kiongozi wetu moja kwa moja.

Nikanyoosha mgongo. Nikajifuta wino wa mashine vidoleni.

Akasema anayejaribiwa ni mwanyumba wangu.

Mwanyumba wangu! Fundi saa! Kamwoa mdogo wa mke wangu, na duka lake linatazamana na langu, kwa hiyo namwona kutwa akiwa ameinama na lenzi jichoni kama anayechungulia tundu la ufunguo. Chamani ameingia mwaka jana. Mimi nina miaka sita. Ramani zote za chama hiki zimepita kwenye mashine yangu ya fotokopi, moja moja, kwa mkono huu. Yeye amepitisha nini? Miguu.

Nikauliza, kwa upole kabisa, mimi nimepangiwa nini. Nesi akasema mfunga mkia. Ndiye anayetembea nyuma ya wote ili asiachwe mtu. Kazi nzito, akasema, si ya kumpa kila mtu. Kisha akaniachia ramani ya njia mpya nitoe nakala kumi na nane.

Mkia!

Niandike hapa ijulikane: sina wivu. Roho inaniuma tu, kwa sababu nyingine.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mkutano jioni, kile chumba cha nyuma ya maktaba. Mwanyumba katufundisha usalama. Hakuna aliyemwomba, isipokuwa Nesi.

Kasema kabla ya kuingia msituni tuandike kwenye daftari la mlinzi langoni: tuko wangapi, tunapita wapi, tunarudi saa ngapi. Kasema tuvae rangi inayoonekana. Kasema mtu akipotea asimame hapo hapo. Asijitie ushujaa. Akae, anywe maji, apulize filimbi mara tatu, apumzike, apulize tena, asubiri kutafutwa. Kisha kavua saa mkononi akaonyesha jinsi ya kupata kaskazini kwa mishale ya saa na jua. Watu wakasema "aaah" kama wameona maji yakigeuka maziwa.

Mke wangu alikuwa anaandika. Alikuja na kalamu! Miaka kumi na tisa ya ndoa nazungumza mezani pale, hajawahi kuja na kalamu.

Tukagawiwa filimbi ndogo za plastiki, rangi ya chungwa, zenye kamba. Yangu nimeitia kwenye droo ya wino. Mtu anayejiandaa kwa kikubwa havai kidogo.

Wakati wa chakula nimemweleza mke wangu kwamba kaskazini hujulikana pia kwa ukungu wa miti, ule wa kijani unaoota kwenye magome. Nimeeleza kwa kirefu, na mifano. Akaniomba chumvi.

Baadaye, akikunja nguo, kasema shemeji akieleza jambo mtu anaelewa. Nami nimekunja shati lile lile mara nne.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimepata!

Nilikuwa natoa nakala za ramani. Ya kumi ilipotoka nikamwona mwanyumba ng'ambo, mke wangu amesimama mlangoni pake, anacheka. Alipeleka saa ya ukutani. Saa ya ukutani haichekeshi. Ina mishale miwili na pendulo.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha kupunguza.

Asilimia themanini. Nakala moja tu, ya mwanyumba. Si hamsini, hapo hata kipofu angejua. Themanini macho hayagundui. Miguu ndiyo hugundua. Pale chini imeandikwa sentimita moja ni mita mia mbili na hamsini. Ukiipunguza ramani, maneno yanabaki yale yale ila sentimita zinadanganya. Kilomita mbili na nusu zinasomeka mbili kamili! Kulikuwa na kale kamstari ka kipimo, ambako kangepungua pamoja na ramani na kutoa siri. Nimekafunika kwa kipande cha karatasi nyeupe kabla ya kubonyeza. Nikakata kingo zote kumi na nane zilingane. Kazi safi. Nesi mwenyewe hajawahi kufunga kidonda kwa usafi huu.

Jumamosi mwanyumba atapima kwa kile kipimio chake cha chuma, atahesabu hatua zake, atakata kushoto kabla ya njia panda yenyewe, na atawaingiza watu kumi na saba kichakani. Kimya. Aibu. Kisha sauti tulivu kutoka nyuma: jamani, nadhani ramani yangu inasema vingine. Nitawapeleka chemchemini. Nesi atavua filimbi ya chuma shingoni. Mke wangu atatafuta kalamu.

Hakuna atakayeumia. Ni mita chache tu za aibu.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Kikwazo kidogo. Nesi ameagiza kila ramani itiwe kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, kwa ajili ya mvua, na mke wangu kajitolea kuifanya kazi hiyo nyumbani.

Nilitia nukta ya wino nyuma ya ile ya themanini. Ikabidi nimwambie kitu. Nimemwambia yenye nukta ni ya mwanyumba, nimemtengenezea maalumu.

Akaacha kila alichokuwa nacho. Akanitazama. Akasema alidhani nina kinyongo na shemeji kwa sababu ya kuongoza, alikuwa akiliwaza hilo tangu Jumatatu, na sasa anaona alinidhania vibaya. Akasema nina moyo mzuri. Akanishika shavu.

Sikumbuki mara ya mwisho alipolishika shavu hili. Nilikaa na shavu langu jioni nzima.

Kwa dakika moja nilifikiri kuirarua. Nilifika hadi mezani. Kisha akasema, kwa furaha, kwamba hata shemeji mwenyewe juzi alimwambia mimi ni mtu mwema. Yeye ndiye wa kwanza kuligundua hilo? Nikarudi kukaa.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mazoezi. Nimehesabu hatua uchochoroni nyuma ya duka. Mia moja na thelathini kwa mita mia. Mwanyumba katokea kumwaga maji, kaniuliza kama nimepoteza kitu. Ananiita "kaka." Heshima tele! Ananizeesha mbele ya majirani.

Nimechagua nguo. Mke wangu kaniwekea fulana ya njano kama alivyofundisha fundi saa. Nitavaa koti la kijani. Kiongozi hafanani na ndizi.

Jumamosi, tarehe 8 Juni. Saa tatu asubuhi, langoni

Naandika kwa penseli. Kumi na nane wote tumefika. Mwanyumba kajaza daftari la mlinzi kwa mwandiko mdogo, safi, wa kuchukiza. Marejeo saa kumi jioni. Mke wangu kagawa ramani. Nikamwona mwanyumba anaipokea yake, anaitazama, anashukuru. Nimepima kwa rula kwenye yangu: toka langoni hadi njia panda, kilomita mbili kamili. Hatua elfu mbili na mia sita, kisha kushoto. Twende!

Saa nne kasoro

Elfu mbili na mia sita. Hapa hapa. Kijia cha kushoto kipo, chembamba lakini kipo. Na mwanyumba AMEPITILIZA! Kwa hesabu yangu alitakiwa akosee kwa kukata mapema, badala yake amekosea kwa kupitiliza. Sijui imekuwaje. Baraka haiulizwi ilikotoka.

Nilipaza sauti kwamba njia ni hii. Aliyekuwa mbele yangu, mwoka mikate, kasema bila kugeuka kwamba fundi ndiye anayejua. Wote kumi na sita wakaenda naye. Na mke wangu! Alikuwa wa tatu toka mbele. Hakugeuka.

Basi. Nitakata mwenyewe, nifike chemchemini kabla yao, niwakute wanahema nami nimekaa juu ya jiwe, mguu juu ya mguu. Najua sheria inasema usiliache kundi. Ila mimi ndiye mkia. Nyuma yangu hakuna mtu wa kuniona nikiliacha.

Saa tano na robo

Kijia kimekuwa chembamba zaidi. Nadhani ni cha wakata kuni.

Saa sita

Kijia kimekwisha. Hakikusema kwaheri.

Saa saba kasoro

Simu haina mtandao. Jua liko juu kabisa, kwa hiyo kaskazini iko pande zote. Ukungu wa miti pia uko pande zote. Nitateremka, kwani chemchemi ni maji na maji hufuata bonde. Nakumbuka mtu fulani alisema ukipotea usimame. Kwanza, sijapotea. Pili, siwezi kusimama kwa amri ya fundi saa.

Saa nane

Nyayo! Kuna binadamu! Mtu mmoja, mzito, anaburuta kisigino cha kulia. Nilimdharau kidogo, mtu mzima asiyejua kunyanyua mguu. Nikazifuata nusu saa kwa furaha. Kisha nikaona mahali alipokaa na maganda ya yai aliloacha.

Yai lilikuwa langu. Kisigino pia.

Saa tisa na nusu

Nimekaa. Si kwa sababu ya mafundisho ya mtu, nimechoka. Maji yamebaki funda mbili. Goti limekwaruzika. Koti la kijani ni la kijani, na msitu ni wa kijani. Hata mimi nikitazama tumbo langu nalipoteza.

Filimbi iko kwenye droo ya wino.

Niliogopa. Niandike tu, maana hakuna anayesoma. Niliwaza mke wangu akirudi nyumbani peke yake na mikate miwili mkobani, na ile fulana ya njano ikiwa bado juu ya kiti. Niliwaza maneno ya mwisho niliyomwambia: nilimwambia asinipangie nguo.

Saa kumi na robo

Filimbi! Mbali, upande wa kulia. Tatu. Kimya. Tatu tena.

Nayajua mapafu yale. Hapulizi kwa hasira, anapuliza kwa vipimo.

Sikujibu. Nasema kweli. Nilikaa nikitumaini kwamba atatokea mtu mwingine anitafute. Mlinzi. Mwoka mikate. Mtu yeyote. Ikapulizwa tena, na nyuma yake ikaja sauti ya mwanamke ikiniita. Aliniita kwa jina ambalo huwa ananiita tukiwa wawili tu, na akaliita msitu mzima ukasikia.

Nikachukua mfuniko wa bakuli langu la chakula nikaupiga kwa jiwe. Tatu. Kimya. Tatu. Halafu nikaacha kuhesabu nikapiga kama mtu anayefukuza ndege shambani.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Kitandani. Vidole vya miguu vimevimba. Nimeyapata yote kutoka kwa mke wangu, vipande vipande, katikati ya machozi na uji.

Walifika chemchemini salama kabla ya saa tano. Mwanyumba kahesabu watu: kumi na saba. Kahesabu tena. Kapuliza, hakuna jibu. Kawaweka wote hapo na Nesi, mtu asibanduke. Mtu hatafuti peke yake, kwa hiyo akachukua mwenzake mmoja. Akamchukua mke wangu.

Yaani mke wangu na mwanyumba wangu wametembea msituni wawili, saa tano nzima, wakishirikiana, wananitafuta. Nilimwomba arudie hiyo sehemu. Karudia. Nikamwuliza walikuwa wanazungumza nini. Kanitazama kwa namna ambayo sikuendelea.

Kwanza walirudi mahali nilipoonekana mara ya mwisho. Ila hakuna aliyekuwa na hakika ni wapi. Ndipo mke wangu akakumbuka ramani. Na hapa, shajara yangu, nishike mkono.

Alizibadilisha.

Ijumaa, akizitia kwenye mifuko, aliona ile yenye nukta ina herufi ndogo kuliko nyingine. Akawaza: macho ya shemeji yamechoka na saa, maskini, kutwa lenzi. Mume wangu kila siku anajisifu ana macho ya tai. Akampa shemeji ya herufi kubwa, akanipa mimi ya nukta. Alidhani nitafurahi, kwa jinsi nilivyomjali mwanyumba.

Anayafikiria macho ya mwanaume mwingine! Ndani ya nyumba yangu! Na nukta ilikuwa nyuma, sikugeuza.

Mwanyumba alitandaza ramani yake, na akamwuliza ya kwangu ilikuwa ndogo kiasi gani. Kamwonyesha kwa kidole, toka lango hadi chemchemi. Akachukua kipimio chake, akapima, kisha akasema mashine ya kaka ilibana karatasi. Akapiga hesabu ya mtu mwenye ramani kama hiyo, angekata wapi. Akahesabu hatua. Akafika kwenye kijia cha wakata kuni, akaona kisigino changu. Toka hapo ilikuwa kupuliza na kusikiliza, kupuliza na kusikiliza, wakiweka vijiwe njiani wasije nao wakapotea.

Waliponikuta mke wangu alinikumbatia hadi mbavu zikalia, halafu akalipiga lile koti la kijani kofi la mgongo. Nililihisi mimi, koti halikuhisi.

Langoni Nesi alivua filimbi ya chuma akamvisha mwanyumba mbele ya watu wote. Makofi. Kisha akachukua ya plastiki, ya chungwa, akanivisha mimi kwa mikono yake. Kuanzia sasa natembea katikati ya mstari, nyuma ya goti lake. Nilitaka ardhi ipasuke. Haikupasuka, wala singejua inapasukia upande gani.

Saa kumi mwanyumba kaja kunijulia hali. Mke wangu alipoenda jikoni, katoa mfukoni ramani yangu, ile niliyoiacha pale waliponikuta, imekunjwa vizuri. Alinielekeza pale chini kwa ncha ya kalamu. Kipande cha karatasi nilichofunikia kimeacha kivuli chembamba cha mstatili. Ng'ambo ya barabara, kwa lenzi yake, kivuli hicho ni kama ukuta.

Kasema kwa sauti ya chini kwamba hajamwambia mtu, wala hatamwambia. Kasema shemeji alitembea saa tano bila kula, na mara mbili alilazimika kumshika asikimbie ovyo. Kasema, "Kaka, msituni mtu anaweza kufa. Tafadhali." Akaikunja tena ramani, kingo hazikulingana. Mkono wa fundi saa.

Nilisema asante. Nilimaanisha, kwa kweli. Nilimaanisha hadi alipofika mlangoni.

Mke wangu karudi na chai, kauliza tulikuwa tunazungumza nini. Mwanyumba kasema nilikuwa namshauri kuhusu uongozi.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Nimefungua duka. Watu wanapita wanapuliza midomo mara tatu. Nimevumilia.

Sijalala vizuri siku mbili. Si kwa sababu ya msitu. Kila nikimtazama ng'ambo, ameinama na lenzi yake, najua kwamba anaitunza siri yangu. Anaitunza vizuri mno! Hakonyezi, hatabasamu, haipunguzi hata kidogo. Siri ni yangu, na yeye anaitunza kunizidi. Mimi mwenyewe mara tatu ilitaka kunitoka. Asubuhi mke wangu kasema shemeji ana utu. Kasema mtu anayemwokoa mwenzake bila kujitangaza ni adimu. Akaandika mahali. Nimeiona kalamu.

Kwa hiyo nimefikiri, na safari hii nimefikiri kwa moyo safi. Kosa langu lilikuwa wivu. Nakiri. Nilitaka aaibike. Hayo yamekwisha, sitaki tena aaibike hata chembe.

Nataka nimwokoe.

Nimwokoe mimi, kimya kimya, nisimwambie mtu, niitunze siri yake hadi nizeeke. Tuone nani ana utu. Fulana ya njano nitavaa. Filimbi ninayo shingoni hapa, na nimeijaribu, inalia kuliko ya chuma. Kilichobaki ni yeye apotee. Kidogo tu, kwa usalama, mahali ninapopajua mimi peke yangu.

Nesi ameleta ramani ya mwezi ujao. Nimemwomba mke wangu asijisumbue na mifuko, nitazitia ramani mwenyewe.

Asilimia themanini na tano. Mashine inapata moto.